Kuangusha migrevilea vihambani bila kuumizana: shajara ya mradi, Moshi, Juni hadi Novemba 2024

Sisi ni kikundi cha kuvuna miti na kupasua mbao. Hatuvuni kwenye mashamba makubwa ya miti kama West Kilimanjaro au Rongai. Tunanunua miti ikiwa imesimama vihambani (mashamba ya nyumbani ya Wachaga, yenye kahawa na migomba), Uru, Kibosho na Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hasa migrevilea iliyopandwa zamani iwe kivuli cha kahawa. Uwanja wa kupasulia uko huku chini, karibu na mjini. Shajara hii ni kwa ajili ya kikundi kingine kitakachotaka kuiga, kisianzie sifuri. Bei ni shilingi za Tanzania, zile tulizolipa sisi.

8 Juni: Tunaumia wapi hasa

Tulikaa uwanjani maopereta wa chensoo (msumeno wa mnyororo), wasaidizi, wabebaji na vijana wa dingdong (mashine ya kupasulia mbao kwa msumeno wa duara), kila mtu akasimulia alichokiona kwa macho yake. Wengi walitegemea mnyororo wa chensoo ndio uongoze kwa kuumiza. Haukuongoza. Kilichotajwa tena na tena ni tawi lililodondoka kutoka juu, mti uliokwama kwa mwenzake kisha ukashuka bila taarifa, na gogo lililobiringika mteremkoni. Mgrevilea matawi yake hukatika kirahisi, na wenye vihamba hupogoa ya chini kila mara kwa kuni na malisho, kwa hiyo uzito wote unabaki kileleni. Ukiupiga chensoo chini, kule juu kunatikisika kuliko unavyodhani.

Jingine lililojitokeza ni malipo. Opereta analipwa 15,000 kwa mti ulioshuka chini, msaidizi 5,000. Mti uliokwama haulipwi mpaka ushuke. Tuliliandika hilo, tukaliacha kwanza. Lilikuja kutudai baadaye.

Upande wa sheria: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye kazi asajili eneo lake OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) na kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao ni wa mwajiri peke yake, haukatwi kwenye mshahara wa mtu. Kwetu desturi ilikuwa opereta ajinunulie buti mwenyewe, na helmeti akiipenda. Desturi hiyo tumeifuta.

Gharama: 22,000, soda na fotokopi.

22 Juni: Suruali za mtumba

Suruali mpya ya kukinga mnyororo tulitajiwa 210,000 kutoka Dar. Tukanunua moja. Kisha kijana mmoja akaja na habari kwamba Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, kwenye mabelo ya nguo za kazi, huwa zinatokea suruali hizo hizo za Ulaya, na muuzaji hajui ni za nini, anaziuza kama suruali nzito za baridi. Kweli tulizipata, tatu kwa 75,000. Ndani kwenye lebo kuna picha ya chensoo na maneno ya daraja 1, yaani imepimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde. Chensoo nyingi zikivutwa mafuta mpaka mwisho zinapita hapo, kwa hiyo asije mtu akadhani amevaa chuma.

Hatukuridhika kuiamini lebo. Moja ilikuwa imeshonwa tena kwa cherehani kwenye paja, na ndiyo tuliyoitoa kafara. Tulilifunga paja zima lisiloshonwa kwenye gogo la mkaratusi, opereta akashusha chensoo ikiwa imeshapanda kasi. Kitambaa cha juu kilichanika, nyuzi ndefu nyeupe zikavutwa nje kwa fumba na kufumbua, zikajisokota kwenye gia, mnyororo ukasimama. Gogo lilikuwa na mkwaruzo tu. Tukafungua kifuniko, tukakaa chini kuchomoa nyuzi moja moja kwa koleo, kazi ya kuchosha kweli.

Tukahamia paja la pili, lile la cherehani. Mnyororo ulipita hapo hapo kwenye mshono ukaingia kwenye gogo. Sababu ilionekana tulipolichana: aliyeishona alipitisha uzi kwenye matabaka yote, na nyuzi za ndani zilizobanwa na mshono haziwezi kuvutika. Suruali hii haizuii kwa ugumu wake. Inazuia kwa nyuzi zake kuwa huru. Tangu hapo, ukinunua mtumba igeuze ndani nje, pitisha vidole kila mahali, na ikiwa kuna mshono uliopenya kwenye bitana nene, irudishe. Mpasuko wa kitambaa cha juu peke yake unabandikwa kiraka kwa gundi, haushonwi.

Helmeti za ujenzi tulizokuwa nazo hazikufaa. Kazi yetu ni kutazama juu, na ukitazama juu helmeti isiyo na mkanda wa kidevu inadondoka nyuma. Mikanda minne ilikuwa 12,000. Kwa maopereta tulinunua helmeti kamili tatu, zenye wavu wa uso na vifuniko vya masikio, 285,000. Kioo cha plastiki tulikijaribu asubuhi ya ukungu Uru, kikajaa mvuke mtu asione mbele. Chukua wavu wa chuma.

Jambo dogo ambalo wapya hushangaa: unga wa mgrevilea unawasha. Kuna watu ngozi zao zinatoka malengelenge kabisa. Mikono mirefu na kola iliyofungwa, hata jua likiwa kali.

6 Julai: Mnyororo wenye njaa

Chuo cha Viwanda vya Misitu kipo hapa hapa Moshi, na fundi mmoja wa misumeno aliyesoma pale alikubali kutufundisha siku nzima kwa 60,000. Tupa za duara na kipimo: 35,000.

Alichukua minyororo yetu yote, akaiweka juani kwenye turubai, akacheka. Mbele ya kila jino la kukata kuna kijino kidogo kisichokata, kazi yake ni kupima jino lizame kiasi gani kwenye mti. Maopereta wetu walikuwa wamevikwangua vijino hivyo mpaka vikakaribia kuisha, kwa sababu mnyororo wa namna hiyo "unakula haraka". Unakula haraka, ni kweli. Pia unatikisa mikono mpaka vidole vinakufa ganzi, na upanga (ule ubao wa chuma unaozungukiwa na mnyororo) ukigusa kitu kwa robo ya juu ya ncha yake, chensoo inaruka kumrudia mshikaji usoni kwa nguvu zaidi. Tofauti inayotakiwa kati ya jino na kijino ni kama milimita 0.65. Kwetu mingine ilikuwa imepita milimita moja na nusu.

Minyororo miwili ilitupwa. Mingine ilinolewa meno yakafupishwa mpaka vipimo vikarudi. Opereta wetu mkubwa alinuna wiki nzima akidai chensoo imekuwa goigoi. Hatukubishana naye. Tulimpa mnyororo mmoja ulionolewa kwa nyuzi 30 sawasawa kila upande, akakata gogo mbele ya wenzake, chipsi zikatoka nene badala ya unga. Akaendelea kununa, ila ule mnyororo hakuurudisha.

Kila asubuhi sasa: breki ya mnyororo ijaribiwe kabla chensoo haijafika kwenye mti wa kwanza. Breki isiposhika, chensoo hiyo inabaki kwenye gari.

20 Julai: Duara lisiloingia kihambani

Kanuni ya kazi hii katika nchi nyingi ni kwamba wakati mti unaangushwa, asiyehusika akae mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mgrevilea wa mita 22 unataka mita 44 kila upande. Kwenye shamba la serikali hilo ni jambo la kutamka tu. Kihambani, ndani ya mita 44 kuna jiko la jirani, zizi, mfongo (mfereji wa kumwagilia) wenye watu wanaofungulia maji, na kinjia cha watoto wa shule.

Tulianza na filimbi. Haikufaa kitu: chensoo ina kelele za zaidi ya desibeli 100, na opereta amefunika masikio, inavyotakiwa. Tukaweka walinzi wa njia wenye vitambaa vyekundu kwenye mafito, mmoja juu mmoja chini, na opereta anawatafuta kwa macho kabla ya mkato wa nyuma, ule wa mwisho unaouangusha mti. Asipowaona wote wawili wamenyoosha fito, anazima. Hii imefanya kazi. Udhaifu wake ni migomba, inaziba. Kwenye migomba mingi tunaongeza mtu wa tatu katikati, na huyo mtu analipwa.

Muda nao: tunaangusha watoto wakiwa madarasani, na balozi wa nyumba kumi anatangaza jana yake. Mti ulio karibu na nyaya za TANESCO hatuugusi mpaka mafundi wao waje wakate umeme wenyewe.

Lakini shida kubwa hapa ilikuwa kahawa. Kule Kibosho, mama mwenye kihamba alisimama kibarazani akasema, "Wanangu, huo mti ukiangukia kahawa mmenimaliza. Uelekezeni kule kwenye migomba."

"Mama, mti wenyewe umeinamia kahawa," opereta akamjibu. "Kuulazimisha ugeuke ndiko kunakoua watu."

"Baba wa watoto aliukata wa pale kwa panga na kamba, ukaenda alikotaka."

Zamani opereta angejaribu kumridhisha. Angeacha upande mmoja unene zaidi, angevutisha kamba, watu wangesimama palepale mti unapotaka kulala. Safari hii tulihesabu: miche mitatu ya kahawa ingeumia. Tukamwambia tutailipa, 10,000 kila mmoja, tuandikiane kabla, au mti ubaki. Alifikiri, akamwita shemeji yake, wakaandika. Sasa kila mapatano ya kununua mti yana mstari wa kahawa na migomba itakayoumia. Fedha hiyo inaingia kwenye bei ya mti tangu mwanzo, na ni ndogo mno ukilinganisha na kuugombeza mti usiotaka.

10 Agosti: Mti uliokwama

Hapa ndipo mradi mzima ulipo, kwa maoni yangu.

Mgrevilea ukishuka vibaya unalala mabegani mwa mringaringa au mparachichi, shina limeachia kisiki au limeshikilia kidogo. Mbinu zilizozoeleka tunazijua sote: kuukata mti uliobeba, kulikata shina vipande kutoka chini mpaka lisimame wima lishuke lenyewe, kuangusha mti mwingine juu yake, au kijana kupanda kuutikisa. Zote nne hufanya kazi mara nyingi, na ndiyo maana haziishi. Zote nne pia humweka mtu chini ya uzito asiojua utashuka lini.

Tulijaribu kwanza kamba ya katani na watu wengi wa kuvuta. Kamba ilikuwa fupi, wavutaji wakajikuta ndani ya urefu wa mti. Tukasimamisha. Kisha tukaazima chenbloku gereji. Ile ni ya kuinua injini: mnyororo wake unaisha kabla mti haujasogea, unalegeza, unafunga upya, na kila unapofunga upya umerudi chini ya mti. Mbaya kuliko kamba.

Kilichofaa ni winchi ya mkono ya kuvuta kwa waya, ya tani 1.6, tuliyokodi kwa 30,000 kwa siku. Waya ni mrefu, mkono wa kusukuma uko mbali, na ukitumia kapi lililofungwa kwenye kisiki imara unaweza kusimama pembeni kabisa mwa mstari wa kuvuta. Unavuta kitako cha shina kirudi nyuma, taratibu, mti unateleza kutoka kwenye tawi lililoubeba mpaka unalala. Mkanda wa kuzungushia shina 45,000, kapi 40,000. Waya ukivutwa hakuna anayeuruka wala kusimama sambamba nao, maana ukikatika unachapa. Na wakati winchi inatafutwa, mti uliokwama unazungushiwa utepe na mlinzi anabaki hapo.

Basi tulikuwa na winchi, mafunzo na utepe. Wiki iliyofuata, Old Moshi, mti ukakwama, na msimamizi alipofika alikuta shina limeshakatwa vipande viwili kutoka chini. Hawakuwa wamesahau. Winchi ingewachukua saa mbili, na saa mbili ni mti mwingine wa 15,000. Mtu akilipwa kwa mti, usalama unatoka mfukoni mwake.

Tulibadilisha malipo. Mti ukikwama, opereta anatoa taarifa na saa inaanza kuhesabiwa: 5,000 kwa saa kwa kila mmoja wa watu watatu wa winchi, na 15,000 ya mti ipo palepale. Mshirika mmoja wa kikundi alipinga, kwamba watu watakwamisha miti makusudi ili walipwe saa. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Jibu tulilolipata kwenye daftari ni kwamba kukwama kulipungua, kwa sababu kila kilichokwama sasa kinaandikwa pamoja na picha ya kisiki, na kisiki hakifichi kitu.

Visiki ndivyo vilivyotufundisha kilichobaki. Vingi vilivyokwama havikuwa na bawaba, ule ukanda wa mti usiokatwa unaobaki kati ya mkato wa mbele (upande mti unakoangukia) na wa nyuma na kuuongoza mti unavyoanguka. Opereta alikuwa amekata mpaka mwisho. Sasa tunapiga chaki kabla: mkato wa mbele uingie robo ya kipenyo, bawaba ibaki moja ya kumi, mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya pembe ya mkato wa mbele. Mti wa sentimita 40, mkato wa mbele 10, bawaba 4. Njia ya kukimbilia isafishwe kabla, nyuma kwa kukingama kwa nyuzi 45, si nyuma moja kwa moja, kwa sababu shina hurudi. Kabari za chuma tulizokuwa nazo zilivunja meno ya mnyororo mara zilipoguswa. Tunachonga za mkaratusi mkavu, bure.

7 Septemba: Dingdong uwanjani

Kwa ufupi. Mikanda ya mota imewekewa wavu wa chuma, 90,000. Wavu wa kwanza ulifungwa kwa bolti, vijana wakauvua siku hiyo hiyo kwa sababu mabanzi yalikuwa yanajazana nyuma yake. Ukatiwa bawaba na komeo, ukafunguka kwa sekunde chache mota ikiwa imezimwa, ukabaki.

Nyuma ya msumeno wa duara tuliweka kisu cha kutenganisha, kinachozuia mbao isijibane ikarudishwa kifuani kwa msukumaji. Fundi wa kuchomelea alitumia bapa la milimita 6, sawa na upana wa njia ya meno. Mbao ikagoma, moshi ukatoka. Kisu kinatakiwa kiwe kinene kuliko bamba la msumeno lakini chembamba kuliko njia ya meno. Kwetu bamba ni 3.5, tukakisaga kisu hadi 5, na kati yake na meno nafasi isizidi milimita 8. Bapa na kazi ya fundi mara mbili: 60,000.

28 Septemba: Kumtoa mtu kihambani

Sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji kubwa za kukandamiza damu, 65,000. Kila chensoo inayotoka inaambatana na bandeji moja mfukoni mwa opereta, si kwenye gari.

Machela ya mafito na magunia tuliijaribu kwa kumbeba kijana mzima kwenye kinjia cha Uru kinachoteremka mpaka barabarani. Magunia yalichanika kwenye mafito kabla ya mfongo wa pili, akakaa chini akicheka. Turubai iliyokunjwa mara mbili na kushonwa mifuko ya mafito, 28,000, ilifika. Kilichotushtua ni muda: kuteremka tu barabarani kulikula zaidi ya nusu ya safari nzima ya kwenda hospitali ya KCMC. Kwa hiyo kabla ya kuanza kihamba chochote tunaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari gari litasimama wapi, nani ana namba ya dereva, na mtandao wa simu unashika wapi, maana kwenye mabonde mitandao mingi haishiki.

9 Novemba: Vuli

Mvua zimeanza na mteremko unateleza. Gogo lililokatwa likiwa limelala sambamba na mteremko lilibiringika, likavunja kingo za mfongo. Hakuna aliyeguswa kwa sababu wabebaji walikuwa upande wa juu, kama tulivyokubaliana. Kutengeneza mfongo kulitugharimu 40,000 na siku moja ya kazi. Sasa kigingi kinapigwa upande wa chini wa kila gogo kabla ya mkato wa kwanza wa kulikata vipande. Upepo ukianza kutikisa vilele, chensoo zinazimwa, hakuna mjadala.

Fedha iliyotoka mpaka leo, ukijumlisha kukodi winchi na saa za kukwama, imezidi kidogo milioni 1.3, mbali na kahawa, ambayo imo kwenye bei ya miti. Kilichobaki ni winchi yetu wenyewe. Arusha tumetajiwa 950,000 pamoja na waya. Tumekubaliana kuweka 2,000 kwa kila mti kuanzia Jumatatu, na helmeti kamili za wasaidizi zinunuliwe kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaokaa chini ya matawi muda mrefu kuliko opereta.